Bweni lilitupa jioni

Fomu ya kujiunga ilikuja na orodha ndefu kuliko barua yenyewe: mashuka mawili, blanketi, ndoo, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, sahani, kikombe, sanduku la bati na kufuli lake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini maduka yalikuwa bado matupu na hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupanga foleni. Kwetu Kilwa fedha ya korosho ndiyo iliyonunua sanduku. Blanketi alitoa shangazi, tena lile lile alilokuwa akijifunika mwenyewe.

Vitu havikuwa kikwazo hasa. Kikwazo kilikuwa kikao cha ukoo. Nilikuwa nimeshavunja ungo, na kwa desturi ya kwetu mwali hukaa ndani, akafundwa na somo wake mpaka siku ya kutolewa. Baba mdogo alisema wazi kwamba mwali hapandishwi treni. Bibi mzaa baba, ambaye wote tulidhani ndiye angekuwa mgumu zaidi, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: "Huko aendako wanalala nje?" Akaelezwa kwamba kuna bweni, kuna matroni, kuna mlinzi na geti linafungwa magharibi. "Sasa si ndiyo kuwekwa ndani huko? Mwacheni aende akawekwe." Hakuna aliyempinga.

Msichana wa Kilwa kupelekwa ng'ambo ya Dodoma haikuwa ajabu wakati ule. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilitwaa shule zilizokuwa za mashirika ya dini, ikawa inachagua wanafunzi kitaifa na kuwachanganya. Marian College ya masista wa Maryknoll pale Morogoro ikawa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru. Pamoja na Msalato, Tabora, Korogwe, Loleza, Bwiru na Rugambwa, hizo ndizo shule ambazo majina yake yalitajwa kila matokeo yalipotoka, na kila baba mwenye binti anayejua kusoma aliyategea sikio. Gertrude Mongella alikuwa ameondoka kisiwani Ukerewe akiwa na miaka 12 tu kwenda kusoma kwa masista hao wa Morogoro. Mwaka 1995 dunia nzima ilimwona akiongoza mkutano wa wanawake wa Beijing. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, alipita Weruweru, shule iliyoongozwa kwa takriban miaka 20 na Mama Maria Kamm, mwalimu ambaye wanafunzi wake hadi leo wanamtaja kama mzazi.

Safari ilianzia kwenye pantoni ya Ndundu katika Mto Rufiji, kwa kuwa Daraja la Mkapa halikuwapo. Lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Dar es Salaam tulionyesha waranti za Serikali, tukapanda daraja la tatu jioni, na kesho yake tukawa tunaangalia nchi ambayo hakuna mnazi hata mmoja. Stesheni ya Saranda kuku wa kukaanga walipitishwa madirishani. Nilikuwa sina fedha ya kuku, ila harufu yake ninayo mpaka leo.

Mambo ya chakula wengi wameshayaeleza na mimi sitayarefusha. Uji ulikuwa hauna sukari, maharage yalikuwa na fukusi, na ugali ulikuwa wa yale mahindi ya njano ya msaada tuliyoyaita yanga. Wali ulikuwa wa Jumapili, na ukoko wake uligombewa. Barua kutoka nyumbani zilichelewa, na masika zilikwama kabisa upande wa pili wa Rufiji. Usiku wa kwanza bweni zima la Kidato cha Kwanza lililia, kila mmoja ndani ya shuka lake, na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

Ninachotaka kukisema ni kingine, na sikisikii kikisemwa tunapojadili elimu ya mtoto wa kike. Ni habari ya jioni.

Nyumbani kazi ya binti haina mwisho. Akitoka kisimani ataenda jikoni. Akitoka jikoni kuna mtoto wa kuogesha. Mtoto akilala kuna vyombo, na vyombo vikiisha babu anataka maji ya kunywa. Hakuna anayemwonea kwa makusudi. Ndivyo nyumba inavyoendeshwa, na mama yake naye aliendeshwa hivyo hivyo. Kaka yake anakaa barazani na daftari, na watu wanapita kwa kunyata wasimsumbue.

Shuleni kazi zilikuwa nyingi pia, pengine nzito zaidi. Tulilima shamba la mahindi, maana Elimu ya Kujitegemea kwetu ilikuwa jembe mkononi. Tuliteka maji mbali bomba lilipokauka, tukadeki bweni, tukachambua hayo maharage. Lakini kila kazi ilikuwa na zamu, na zamu ilibandikwa ukutani kwa majina. Ukimaliza yako, umemaliza. Sikuwa nimewahi kuishi hivyo. Wiki za mwanzo nilikuwa nikikaa kitandani mchana wa Jumamosi, kazi zangu zimekwisha, moyo unadunda kwa hofu kwamba kuna kitu nimesahau na sasa hivi nitaitwa. Sikuitwa.

Saa moja na nusu usiku rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mwarobaini iligongwa, tukaingia prepo mpaka saa tatu na nusu. Jenereta lilifanya kazi dizeli ilipopatikana. Isipopatikana, kila darasa lilipewa karabai moja, na kuiwasha hiyo karabai kulikuwa na mtaalamu wake: dada wa Kidato cha Tatu kutoka Sumbawanga, aliyekuwa kiranja wetu wa bweni. Alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe cha taa, akaiwasha hiyo spiriti, akangoja shingo ya taa ipate moto. Hapo ndipo alipoanza kupiga pampu, taratibu, huku ametukazia macho tusisogee. Ule utambi wa kitambaa ukishaungua mara moja hubaki jivu jeupe lenye umbo la kifuko, na ukiguswa hata na ubawa wa mdudu unabomoka. Na mwingine haukuwapo mji mzima. Basi kazi ya Kidato cha Kwanza ilikuwa kufukuza wadudu kwa madaftari. Taa ikianza kuvuma na mwanga kutanda mpaka ukuta wa nyuma, yeye alikaa chini, akafungua kitabu chake cha hesabu, na darasa zima likanyamaza.

Saa mbili nzima kila usiku, miaka minne. Watu wanapoeleza kwa nini shule zile zilitoa wanawake wa aina ile, wanataja walimu, nidhamu, na kwamba waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Yote ni kweli. Mimi naongeza saa hizo mbili, ambazo hapakuwa na mtu duniani mwenye ruhusa ya kumtuma msichana.

Dada yule wa Sumbawanga ndiye aliyekuwa somo wangu pia, kwa namna ambayo bibi hakuitegemea. Siku zangu ziliponijia bwenini mara ya kwanza sikujua pa kwenda. Alinichukua nyuma ya bafu bila kuuliza kitu. Alichana kanga kuukuu vipande sawa, akanionyesha kuvikunja, kuviloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, na kuvianika kwenye kamba ya nje, juani. "Jua lazima vipate, mdogo wangu, usivifiche chini ya godoro, utaugua." Kisha akachukua mche wangu wa sabuni, akauzungushia uzi, akavuta, mche ukakatika vipande vilivyolingana. Kimoja akakiweka pembeni: cha siku zile tu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi mpaka alipoondoka.

Na aliondoka vibaya. Kila tulipotoka likizo tulipangwa foleni kwa muuguzi, tukapimwa mimba kabla hata ya kufungua masanduku. Mwanzoni mwa muhula mmoja aliitwa ofisini baada ya foleni hiyo, na mchana mlinzi akaja kubeba sanduku lake. Hatukuelezwa kitu, wala hatukuruhusiwa kumsindikiza stesheni. Wiki hiyo hiyo kitanda chake kilipewa mtu mwingine. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu katika kidato chake. Aliyempa mimba, yeyote aliyekuwa, hakupimwa na mtu wala hakubebewa sanduku.

Utaratibu huo wa kufukuza ulidumu nchini kwa miongo, na mamia ya mabweni yana vitanda vya namna hiyo katika historia yake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyepata ujauzito ataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Niliposikia tangazo hilo nilimfikiria yeye tu, na hasira ilinipanda upya, kwa sababu hesabu alizokuwa akizifanya chini ya ile karabai hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo sililii bweni la zamani kama lilivyokuwa. Wala sisemi kila mtoto apelekwe. Machi 2023 Serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne, niliunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka sita hana anachokitafuta mbali na mama yake. Binti wa sekondari ni habari nyingine.

Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimefungulia wasichana mlango ambao sisi tuliupenya kwa tundu la sindano. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa kuanzia 2016. Haya ni mambo makubwa na anayeyabeza hakukulia Kilwa ya utoto wangu. Ila shule nyingi za kata ni za kutwa, na za kutwa maana yake ni kwamba jioni ya binti imerudishwa nyumbani, au barabarani. Wanaokaa mbali wanapangishiwa vyumba mtaani, wasichana wawili watatu na jiko la mkaa, bila mtu mzima. Tunawajengea maabara, halafu tunawaacha wajilinde wenyewe kuanzia saa kumi na moja. Shule mpya za bweni za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa katika mikoa 26 ya Tanzania Bara, ni jambo jema sana. Haziwezi kumchukua kila msichana wa kila kata.

Mjukuu wa shangazi yangu yuko Kidato cha Nne huko huko kwetu. Anafika nyumbani jua linazama. Anateka maji, anapika, anaogesha wadogo zake, anaosha vyombo. Daftari analifungua saa nne usiku kwa tochi ya simu ya mama yake. Kaka yake, aliye kidato hicho hicho, analifungua saa moja. Nimezungumza na wazazi wao, na nimezungumza nao tena. Mama ananielewa, lakini maji hayajiteki.

Wazazi wa kata yake hawakukaa bure. Wamechangishana tofali, mchanga na nguvu zao, na boma la hosteli ya wasichana limefika kwenye lenta. Utaratibu tunaujua: wananchi wanainua boma, halmashauri inamalizia. Halmashauri iezeke. Na ikishaezeka, iandike kwenye bajeti yake vitanda, umeme wa kusomea usiku, tangi la maji, na mshahara wa matroni wa kulala pale kila siku, maana hosteli isiyo na matroni ni chumba cha kupanga chenye bati jipya.