Fahamu: Miti bilioni 15 ya Kenya na hesabu ya hewa ukaa

Mti unapokua hufyonza hewa ukaa na kuhifadhi kaboni kwenye shina, mizizi na udongo. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo hurudi angani. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mpango wa Kenya, uliozinduliwa Desemba 2022, wa kuotesha miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta asilimia 12.13.

Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Kupanda, hata hivyo, ndiyo kazi rahisi. Mche uliokauka kiangazi au kuliwa na mbuzi haupunguzi chochote, na miche inayonusurika huhitaji miongo kadhaa kufikia kaboni iliyomo katika msitu mkongwe kama Mau. Ndiyo maana kuondolewa, mwaka 2023, kwa marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 kulizua mabishano makali.

Kulinda miti iliyopo pia hulipa. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, za takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka; fedha hizo zimeleta maji safi na vitabu vya shule. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo kwenye tope. Mikoko ikikatwa, tope hubaki wazi, na kaboni iliyolala humo kwa karne nyingi huanza kutoka.