Fito za Vali na Fundi Aliyezibuni



Kando ya magurudumu ya garimoshi la mvuke tunaziona fito zinazokwenda na kurudi. Kazi yake ni kusukuma vali, ili mvuke uingie silindani kwa zamu, mbele na nyuma ya pistoni. Mpango wa fito hizo uliotumika zaidi ulibuniwa mwaka 1844 na Egide Walschaerts, fundi wa karakana ya reli ya Ubelgiji. Hati ya uvumbuzi iliombwa na mhandisi Fischer, lakini mpaka leo fito hizo zinaitwa kwa jina la fundi.

Tukitengeneza mfano mdogo wa garimoshi, tusianze na chuma. Tukate fito za kadi nene, tuzipigilie pini ubaoni, tuzisogeze na kupima mwendo wa vali.

Mkono unaounganisha pistoni na vali una hesabu yake. Ikiwa pistoni inakwenda milimita 48, na mkono huo usogeze vali bapa milimita 6, basi kutoka pini ya kati hadi ya chini pawe mara 8 ya kutoka pini ya kati hadi ya juu.

Kadi ikikosewa, tunakata nyingine. Chuma kikikosewa, kazi ya siku nzima imepotea.

Fito za kulia na kushoto zifungwe pamoja na kutobolewa kwa keekee moja, zipate kulingana. Tundu likilegea, vali huchelewa.

Ujuzi huu ulitoka mikononi mwa mfanyakazi. Tuwafundishe vijana wetu.