Kibao cha Dukani na Haki ya Mtumiaji

Tuchukue mfano. Mama amenunua birika la umeme dukani, mjini Mombasa. Siku ya tatu mpini unang'oka, na maji ya moto yanamuunguza binti yake mkononi. Mama analirudisha birika, muuzaji anamwonesha kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Anarejea nyumbani kimya.

Ni wangapi kati yetu waliokwisha kunyamazishwa na kibao hicho? Yafaa tuyajue maneno machache ya sheria.

Mtumiaji bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 haimtazami aliyelipa peke yake. Anayeitumia bidhaa naye ni mtumiaji, hata kama hakuwamo katika mapatano ya kuuziana. Hivyo binti aliyeungua ana haki yake mwenyewe.

Dhamana. Wengi hudhani dhamana ni ile kadi inayogongwa muhuri. Ipo nyingine isiyoandikwa: sheria humhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaostahiki kuuzwa. Sharti lolote linalokusudia kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kibao hakiishindi sheria. Lakini tuwe waadilifu: aliyenunua kitu kizima kisha akabadili nia hawezi kuitegemea dhamana hii.

Wanazuoni wa fiqhi nao wanalo jina lao, khiyari ya aibu: hiari ya mnunuzi kukirudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakipokea.

Maelezo ya uongo. Ni kukiita kipya kitu kilichokwisha tumika, au kukisifu kwa ubora kisichokuwa nao. Mnunuzi aliyehadaiwa hivyo aweza kuuvunja mkataba, mradi ampe muuzaji ilani ndani ya mwaka 1.

Fidia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma bora, maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Kwa hiyo kurudishiwa bei ya birika hakumalizi deni la mkono ulioungua.

Mama yule angefanya nini basi? Aiweke risiti, alihifadhi birika lilivyo, apige picha, achukue cheti cha daktari, kisha amwandikie muuzaji malalamiko yenye tarehe na abaki na nakala. Akipuuzwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai aweza kujisimamia bila wakili.

Muuzaji mwema hapungukiwi na lolote kwa mteja anayejua haki yake. Anayepata hasara ni yule aliyekitegemea kibao.