Kwa Nini Nyumba Nzima Huugua Pamoja?

Mtoto mmoja wa nyumba ameamka na homa, macho mekundu, mafua na kikohozi. Baada ya siku chache upele unamtokea usoni, kisha unashuka kifuani. Mama anajipa moyo: ni mmoja tu, wengine ni wazima. Lakini majuma mawili hayajapita bado, na tazama, watoto watatu wamelala juu ya mkeka mmoja, wote wakitetemeka kwa homa. Majirani wanakuja kuwapa pole wazazi. Wakiondoka, wananong'ona njiani: «Si bure. Kuna mtu.»

Na «mtu» huyo, sote twajua jinsi anavyopatikana. Mara nyingi ni yule ambaye hakuugua. Ni bibi mzee, mjane, aliyekaa usiku na mchana kando ya wagonjwa, akiwanywesha uji na kuwafuta jasho, wala homa haikumgusa. «Mbona yeye ni mzima?» Swali hilo moja limevunja jamaa nyingi, na limewafukuza wazee katika nyumba za watoto wao wenyewe. Basi leo tulijibu swali hilo bila hasira, kwa njia ya hesabu.

Mashua moja, watu 10

Mwaka 1846 ugonjwa wa surua uliingia katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya mfalme wa Denmark, mbali baharini upande wa kaskazini wa Ulaya. Uliletwa na fundi seremala aliyetoka Copenhagen kwa merikebu. Visiwa vilikuwa na watu 7,800 hivi. Kwa muda wa miezi michache watu 6,000 hivi waliugua. Serikali ikampeleka huko mganga kijana, jina lake Peter Panum, ili achunguze mambo.

Panum hakuwa na dawa ya surua, wala siku zile hapakuwa na mtu aliyekijua kijidudu chake. Alikuwa na kalamu, karatasi na subira. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiuliza: Fulani alikutana na mgonjwa siku gani? Upele ulimtokea siku gani? Katika kijiji kimoja aliambiwa habari hii: tarehe 4 Juni wanaume 10 walipanda mashua moja, wakaenda kuvua nyangumi mahali penye ugonjwa. Wakarudi kwao wazima. Tarehe 18 Juni wote 10 wakatokwa na upele. Kisha, baada ya siku 12 hadi 16, karibu watu wote waliobaki kijijini wakaugua.

Watu 10 kwa siku moja! Mwenye kunong'ona angesema: si bure. Panum naye aliona kwamba si bure, lakini hakumtafuta mchawi. Alirudi nyuma siku 14 katika hesabu yake, akawakuta wote 10 mahali pamoja, wakivuta hewa moja na wagonjwa.

Tena aliona jambo la pili. Mara ya mwisho surua ilikuwa imefika visiwani mwaka 1781, yaani miaka 65 nyuma. Wazee walioipata wakati ule hawakuugua tena, hata mmoja, ingawa walikaa katikati ya wagonjwa. Miili yao ilikuwa imekwisha kupigana na adui huyo, na haikumsahau.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Bibi ni mzima leo kwa sababu aliugua zamani, alipokuwa mtoto, pengine kabla ya wote wanaomshtaki kuzaliwa.

Kila ugonjwa una siku zake

Ugonjwa wa kuambukiza hujificha mwilini kwanza, kisha hujionyesha. Na kila mmoja una muda wake. Chakula kilichoharibika huweza kuwaangusha wote walioketi penye sinia moja jioni ileile. Kipindupindu hutokea baada ya saa chache, au siku zisizozidi 5. Upele wa surua hutokea baada ya siku 14 hivi. Kifua kikuu huweza kungoja miezi, hata miaka.

Surua ina hila nyingine. Mgonjwa huanza kuwaambukiza wenzake siku 4 kabla ya upele kutokea, na hewa ya chumba alimokaa huweza kubaki na vijidudu hata saa 2 baada ya yeye kutoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa naye, 9 huweza kuupata ugonjwa. Basi mama anapouona upele kwa mara ya kwanza, watoto wake wengine huenda wamekwisha kuambukizwa.

Tena wanaofuata huweza kuzidiwa kuliko wa kwanza. Surua ilipoenea Bissau mwaka 1979, mtaalamu Peter Aaby aligundua kwamba watoto walioambukizwa nyumbani na ndugu yao walikufa kwa wingi kuliko wale walioambukizwa nje. Mtoto aliyelala ubavuni pa mgonjwa hupokea vijidudu vingi mno kwa mara moja. Hapa ndipo wanong'onaji hupata neno jipya. Kumbe sababu ni mkeka mmoja na chumba chembamba.

Chungu kimoja

Lakini si kila mara kuna kijidudu. Katika nchi ya Kwango kuna ugonjwa uitwao konzo, ambao mganga Trolli aliuandika mwaka 1938. Jina hilo katika Kiyaka lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, wala haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake, na huweza kuwapata kadhaa wa nyumba moja. Hata hivyo hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Wote wamekula chungu kimoja: bukari ya muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, bila samaki wala maharagwe ya kuusaidia mwili kuishinda sumu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na muhogo ukapata soko, wengine walipunguza siku za kuloweka ili wauze upesi.

Dawa ya jambo hilo i mikononi mwa mama wa nyumba. Muhogo mchungu ulowekwe siku 3 kamili, kisha uanikwe. Na unga ukiwa tayari, uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba juani saa 2, au kivulini saa 5, ndipo upikwe siku hiyohiyo. Sumu huondoka na hewa.

Tufanye nini?

Ugonjwa ukiingia nyumbani, baba na mama waulizane mambo matatu: Nani aliugua kwanza, na siku gani? Wagonjwa wote wameshirikiana nini: hewa, maji, chakula au malalo? Siku ngapi zilipita kati ya mgonjwa wa kwanza na wa pili? Majibu hayo wayapeleke dispensari pamoja na watoto, wala wasiyafiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa surua, chanjo ni kinga ya kweli, nayo hutolewa tangu mtoto atimizapo miezi 9. Tusisahau kwamba surua iliyoanza kuenea katika Kongo mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Aliyekwisha kuugua apewe vitamini A kwa mganga, alale mbali na wadogo zake, na madirisha yafunguliwe.

Na nani amwuguze? Mtu asiyeweza kuambukizwa tena. Yaani bibi yuleyule. Badala ya kumfukuza, tumsogezee kiti karibu na kitanda cha mgonjwa, na tumshukuru.