Runingu: historia iko njiani, wazee wangali wapo wa kuisimulia

UVIRA – Kaskazini mwa mji wa Uvira, kati ya Kiliba na Sange, barabara ya taifa nambari 5 inapita Runingu. Wasafiri wengi hawashuki hapa. Lakini kundi la watoto likiongozwa na mzee anayejua njia, asubuhi moja katika bonde la Ruzizi inatosha kuwaonyesha mengi.

Pa kuanzia ni jina lenyewe. Runingu ni mto, ni kijiji, na pia ni eneo zima ndani ya utemi wa Bafuliiru, ambao makao ya Mwami wake yako Lemera, juu milimani. Mapokeo ya Bafuliiru husema ukoo wa Bahamba ulifika huko ukitokea upande wa Ulindi, magharibi. Mtoto akiyatazama yale milima akiwa bondeni ataelewa upesi kwa nini watawala walipenda kukaa juu.

Upande wa Uvira kuna Kiliba na kiwanda chake cha sukari. Kilijengwa zama za Wabelgiji, kikanyamaza vita vilipoanza mwaka 1996. Aliyekata miwa pale atawaeleza watoto mengi kuliko kibao chochote.

Halafu kuna Ruzizi. Waingereza Burton na Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, wakitumaini kwamba mto huu unatoka ziwani. Waliowaambia kwamba unaingia ziwani ni vijana wa hapo, watoto wa mtawala. Livingstone na Stanley walikuja kujionea wenyewe mwaka 1871, na vitabu vikawapa wao sifa. Watoto wa Runingu wana haki ya kujua nani alisema kwanza.

Sehemu ngumu ni ya karibu zaidi. Mwaka 1964 uasi ulienea bondeni, na mwezi Mei Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi. Nani alikimbilia wapi, nani hakurudi, kila familia ina yake. Tena katika bonde hili historia si hadithi ya jioni tu: Bafuliiru na Barundi wamegombania ardhi na utemi kwa miaka mingi, na kila upande hutaja mababu kama ushahidi. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule. Kwa hiyo mzee mmoja hatoshi. Watoto wasikilize wawili au watatu, wa koo na lugha tofauti, kisha waulize mbona hawakubaliani.

Ni lini kutembea, hilo linaamuliwa na usalama. Mwaka 2025 maelfu ya wakaazi wa bonde walivuka Ruzizi kukimbilia Burundi, wazee wakiwemo, na kumbukumbu zao zikaenda nao. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uasi wa 1964 sasa amepita 70.

Sange ni jambo jingine. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo na kuwaka moto. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Kwa hilo hakuna haja ya kumtafuta mzee. Waliolishuhudia wakiwa watoto ndio hao wanaoendesha pikipiki barabarani leo.