Kila Bidhaa na Mahali Pake: Kupima Ubora na Thamani ya Maduka ya Vyakula Kisii na Nyamira

Mkazi wa kaunti za Kisii na Nyamira anayetaka kununua chakula cha nyumbani ana njia nyingi mbele yake: soko la wazi la Daraja Mbili mjini Kisii, soko la Keroka lililo mpakani mwa kaunti hizo mbili, kibanda cha mama mboga kilicho karibu na lango lake, duka la rejareja la kijijini, duka la jumla la mjini, na supamaketi, zikiwemo zile zilizokulia katika eneo lenyewe kama Ouru na Shivling, pamoja na zile za minyororo ya kitaifa kama Naivas na Quickmart. Wingi huu ni neema kwa mnunuzi, lakini pia humletea swali gumu, kwa kuwa kila muuzaji hudai kwamba bidhaa zake ni bora na bei zake ni nafuu. Makala haya yanaeleza vigezo ambavyo wataalamu wa uchumi wa mlaji hutumia kulinganisha maduka, na yanatetea hoja moja: hakuna duka lililo bora kwa kila kitu, na mnunuzi mwenye busara hulinganisha bidhaa moja moja, akizingatia namna ubora wa kila bidhaa unavyoweza kujulikana.

Kigezo cha kwanza ni bei ya kizio, yaani bei ya kiasi kimoja kisichobadilika, kama vile kilo moja au lita moja. Bei iliyobandikwa kwenye paketi haitoshi kulinganishwa na ya paketi nyingine mpaka igawanywe kwa uzito ulio ndani. Ichukuliwe kwa mfano kwamba paketi ya sukari ya kilo 2 inauzwa shilingi 300, na kipakiti cha robo kilo kinauzwa shilingi 45. Kipakiti hicho huonekana nafuu mkononi, lakini anayekinunua analipa shilingi 180 kwa kilo, ilhali mwenzake analipa shilingi 150. Familia inayotumia kilo 4 kwa mwezi itakuwa imelipa shilingi 120 zaidi kwa sukari ileile. Huu ndio mzigo wa ununuzi wa kadogo, ambapo mwenye kipato cha kila siku hulazimika kununua kidogo kidogo na hivyo kulipa ghali kuliko mwenye mshahara wa mwezi. Hafanyi hivyo kwa kutojua hesabu, bali kwa sababu fedha za paketi kubwa hazipatikani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo vikundi vya akina mama vinavyochanga fedha, vikanunua mfuko mkubwa katika duka la jumla na kugawana kwa mizani, vinatatua tatizo ambalo kubadilisha duka peke yake hakuwezi kulitatua.

Bei ya kizio huwa ngumu zaidi kuikokotoa sokoni, kwa kuwa nafaka nyingi huuzwa kwa ujazo badala ya uzito. Kipimo kinachotawala ni gorogoro, mkebe ambao asili yake ni ule wa mafuta ya kupikia ya kilo 2, na ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa unabeba kilo 2 za nafaka. Ukweli ni kwamba uzito wake hutegemea nafaka yenyewe, ukubwa wa punje, na namna mkebe unavyojazwa, kwa maana gorogoro iliyorundikwa hadi ikafanya kilima si sawa na iliyopigwa ubapa mdomoni, na mkebe ambao kitako chake kimebonyezwa kwa ndani humpunja mnunuzi bila yeye kuona. Anayetaka kulinganisha bei ya mahindi ya Keroka na ile ya supamaketi hana budi kupima gorogoro moja kwenye mizani angalau mara moja, ili ajue anayemzoea humpa kilo ngapi hasa. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka vifaa vya kupimia vinavyotumika katika biashara vikaguliwe na kupigwa mhuri, na mnunuzi ana haki ya kuutafuta mhuri huo.

Hata uzito ukiwa sahihi, swali la unyevu hubaki. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi makavu yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kilo moja ya mahindi yaliyofikia kiwango hicho ina gramu 865 za chakula kikavu, ilhali kilo ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 ina gramu 820 tu, na zilizobaki ni maji yaliyonunuliwa kwa bei ya nafaka. Zaidi ya hasara hiyo, unyevu hualika ukungu, jambo lenye uzito katika nyanda za juu za Gusii ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na kuanika nafaka hadi ikauke vizuri ni kazi. Kipimo rahisi ni kutia punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, kuitikisa na kuiacha itulie: chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi mno kuwekwa ghalani.

Kutoka hapo hoja inaingia katika ubora wenyewe. Mwaka 1970, mwanauchumi Phillip Nelson alitofautisha sifa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kabla ya kulipa na sifa ambazo hujulikana baada ya kutumia bidhaa tu. Mwaka 1973, Michael Darby na Edi Karni waliongeza aina ya tatu, yaani sifa ambazo mlaji wa kawaida hawezi kuzithibitisha hata baada ya kula, na ambazo kwa hiyo hana njia ila kuziamini. Kwa Kiswahili, aina hizi zinaweza kuitwa ubora wa kukagua, ubora wa kuonja na ubora wa kuamini. Zikitumiwa katika masoko ya Kisii na Nyamira, zinaonyesha waziwazi ni duka lipi lina nguvu katika bidhaa ipi.

Mboga za majani ndizo mfano bora wa ubora wa kukagua. Managu na chinsaga, ambazo hazikosekani katika meza ya Wagusii, huonyesha hali yake machoni na vidoleni: jani laini lisilonyauka, bua linalovunjika kwa mlio, na kukosekana kwa rangi ya manjano. Mnunuzi anayejua mboga hahitaji nembo wala risiti, na kwa kuwa anaweza kuhama kutoka fungu moja hadi jingine lililo hatua chache mbele, wauzaji wa soko la wazi hulazimika kushindana kwa ubora na kwa bei papo hapo. Ndizi huingia katika kundi hili pia, kwa sehemu kubwa. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana zaidi nchini kwa kilimo cha ndizi, na mikungu yake husafirishwa hadi Nakuru na Nairobi, hivyo mkazi wa eneo hili ananunua karibu na shamba, kabla gharama za lori, madalali na uharibifu wa njiani hazijaongezwa. Kwa bidhaa za namna hii, kumlipa muuzaji zaidi kwa ajili ya jokofu, taa na kifungashio ni kununua kitu kisichoongeza lishe. Ila mnunuzi akumbuke misimu: fungu la managu lililo kubwa wakati wa mvua hupungua miezi ya Januari na Februari kunapokauka, na bei ikibaki ileile ukubwa wa fungu ndio hubadilika.

Ubora wa kuonja una kanuni nyingine. Omena zinazoletwa kutoka fuo za Homa Bay zinaweza kung'aa na bado zikawa na mchanga, mchele unaweza kuwa mweupe na bado ukabondeka sufurianini, na parachichi linaweza kuwa na ngozi safi na moyo uliooza. Hapa jicho halitoshi, na kinachomlinda mnunuzi ni kumrudia muuzaji yuleyule. Muuzaji anayejua kwamba mteja wake atarudi kesho ana sababu ya kusema ukweli leo, ilhali yule wa kupita njia hana. Hii ndiyo thamani halisi ya mama mboga na mwenye duka la kijijini, na ni thamani isiyoandikwa katika bei: hubadilisha parachichi bovu bila mabishano, hutia nyongeza, na hukopesha hadi malipo ya chai yaingie. Mkopo usio na riba kwa siku chache ni huduma ya kifedha, na anayelinganisha bei ya duka hilo na ya supamaketi bila kuihesabu huduma hiyo hajalinganisha vitu vinavyofanana.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni ubora wa kuamini, kwa sababu hapo ndipo uhai wa mlaji ulipo. Aflatoksini, sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu katika mahindi, karanga na nafaka nyingine, haionekani, haina ladha inayoweza kutegemewa, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha vifo vya watu 125 katika maeneo ya Ukambani. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango kinachoruhusiwa, ambacho ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni, na Machi 2021 serikali ilizuia kwa muda mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hofu hiyohiyo. Matukio haya yanawahusu watu wa Gusii moja kwa moja, kwa kuwa mashamba yao madogo, yaliyojaa chai na ndizi, hayatoshelezi mahitaji ya mahindi, na sehemu ya nafaka wanayokula huingia kutoka Trans Mara na kupitia mpaka wa Isebania.

Kwa bidhaa za kundi hili, unga uliofungwa na kuandikwa una faida inayostahili kulipiwa: una jina la mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya KEBS yenye nambari ya kibali, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023. Tukio la 2019 linathibitisha kwamba alama hiyo haiondoi hatari yote, lakini linathibitisha pia kwamba bidhaa yenye jina inaweza kufuatiliwa na kuondolewa rafuni, jambo lisilowezekana kwa unga usiojulikana ulikotoka. Aidha, tangu mwaka 2012 sheria inawataka wasagaji wa unga wa paketi wauongezee virutubisho kama vitamini A, chuma na zinki. Anayependelea kisiagi, akichanganya mahindi na wimbi, hupata unga wa nafaka nzima aliyoiona kwa macho yake, na uamuzi huo ni wa busara mradi achague punje kavu na kuzitenga zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kusaga, kwa kuwa upembuzi huo hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa.

Katika makundi yote matatu, kuna dalili moja inayofaa kuangaliwa katika kila duka, nayo ni kasi ya mauzo, yaani muda ambao bidhaa hukaa rafuni kabla ya kununuliwa. Kasi hiyo ndiyo inayoleta ubichi na ndiyo inayomwezesha muuzaji kuridhika na faida ndogo kwa kila kipande. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na baadaye Tuskys, zote zikiwa zimefika hadi Kisii, zilidhoofika kwa namna iliyoonekana wazi kwa wateja: wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mali, rafu zikabaki tupu, na bidhaa chache zilizosalia zikakaa muda mrefu. Wadai wa Nakumatt waliamua ifungwe Januari 2020, na Tuskys ikafunga matawi yake mengi kuanzia mwaka huohuo. Jengo kubwa na jina kubwa, basi, si uthibitisho wa ubora. Mnunuzi anayetazama tarehe za maziwa na mikate hujua hali ya duka kuliko anayetazama bango lake.

Yapo mambo mawili yanayopotosha ulinganisho. La kwanza ni bei ya chambo, ambapo supamaketi hushusha bei ya bidhaa chache zinazokumbukwa na kila mtu, kama sukari na unga, huku ikirudisha faida yake katika nyinginezo, na dawa yake ni kulinganisha jumla ya kapu lote. La pili ni nauli. Iwapo sukari ya mjini Kisii ni nafuu kwa shilingi 10 kwa kilo, na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Nyamira ni shilingi 200, mnunuzi anapaswa kununua kilo 20 ndipo arudishe nauli peke yake, kabla ya kuhesabu muda wake. Safari ya namna hiyo ina faida ikiwa imefungwa na shughuli nyingine, au ikifanywa mara moja kwa mwezi kwa vitu visivyoharibika.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo. Haki hiyo hutimia pale serikali za kaunti zinapowezesha ukaguzi wa kweli masokoni, na pale mnunuzi anapojua cha kuuliza. Ambaye mboga na ndizi zake hutoka soko la wazi, omena na maziwa yake kwa muuzaji anayemjua, unga na mafuta yake mahali penye alama na nambari, na sukari yake kwenye mfuko mkubwa uliogawanywa na majirani, hatakuwa mteja mwaminifu wa duka lolote moja, lakini fedha anazookoa mahali ambapo jicho lake linatosha zitamwezesha kulipa zaidi mahali ambapo macho hayafiki, na hapo ndipo afya ya watoto wake inapohitaji shilingi hiyo ya ziada.