Wosia Hauna Kazi Mgonjwa Angali Hai

Maradhi makubwa yakibisha hodi, familia nyingi nchini Kenya humtafuta wakili kwa ajili ya jambo moja: wosia. Ni sawa, ila wosia hauanzi kazi hadi mwenyewe afariki. Kati ya siku daktari anapotaja saratani au kiharusi na siku ya mazishi huweza kupita miaka. Katika miaka hiyo kuna karo, dawa, wapangaji wa nyumba na akaunti ya benki ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Kipindi hicho ndicho kinachosahaulika, na ndicho cha kupangwa kwanza.

Chombo chake ni hati ya uwakili. Kwa hati hii mgonjwa humpa mtu anayemwamini ruhusa ya kutenda kwa niaba yake: kutoa pesa benki, kupokea kodi, kuuza gari. Ikihusu ardhi, lazima isajiliwe katika afisi ya ardhi, la sivyo sahihi ya mwakilishi haitapokelewa. Wengi hawajui kikomo chake. Hati ya kawaida hukoma aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili, na hukoma pia anapofariki. Kwa hiyo humfaa mgonjwa wa figo ambaye mwili umechoka lakini akili ni timamu. Haimsaidii mzee ambaye amekwisha kusahau majina ya wanawe. Kwa huyo, jamaa hulazimika kuomba mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, iteue wa kusimamia mali yake. Ombi hilo linataka ripoti ya daktari, ada na subira. Wanaotoa pesa kwenye simu ya mgonjwa kwa namba yake ya siri huona wamerahisisha mambo, lakini ndugu mmoja akilalamika, hawana karatasi ya kuwatetea.

Sasa tuje kwenye wosia. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu mwaka 1981, haimnyimi mgonjwa haki ya kuusia. Kila aliyetimiza umri wa utu uzima huchukuliwa kuwa na akili timamu, isipokuwa kama wakati wa kutia sahihi hakujua alitendalo, iwe kwa maradhi, ulevi au sababu nyingine. Anayepinga ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Hata hivyo, kesi za aina hii ni chungu na ndefu, hivyo mgonjwa amwombe daktari wake barua ya siku ile ile inayoeleza hali ya akili yake. Asiyeweza kuandika aweke alama ya kidole. Mashahidi wawe wawili au zaidi, na wasiwe warithi: alichoachiwa shahidi, mumewe au mkewe hubatilika, isipokuwa pawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Wosia wa mdomo kando ya kitanda unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa raia wa kawaida huisha nguvu asipofariki ndani ya miezi 3. Zawadi inayotolewa kwa kuhofia kifo cha ugonjwa uliopo nayo inatambuliwa, mradi ni mali inayohamishika na imekabidhiwa. Mgonjwa akipona, hurudi kwake. Shamba halitolewi kwa njia hiyo, hata kama ukoo mzima ulisikia.

Kwa Waislamu hesabu ni nyingine. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi kwa wasia bila ridhaa ya warithi wenzake. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wasia. Mzazi anayetaka kumwongezea mtoto mwenye ulemavu afanye hivyo angali mzima, na akabidhi kweli alichompa.

Huyo mtoto ndiye swali zito kuliko yote. Tusichanganye ulemavu. Asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu husimamia urithi wake mwenyewe, na kumwekea msimamizi bila sababu ni kumdhulumu. Lakini kijana wa miaka 30 mwenye ulemavu mkubwa wa akili ni mtu mzima mbele ya sheria. Mzazi akifa bila wosia, kijana hupata fungu lake sawa na nduguze, kisha hawezi kutia sahihi ya kulikodisha, au hupatikana mjanja wa kumrubuni aitie. Mara nyingine nduguze humwacha nje kabisa wakisema atakula kwao. Sheria inamruhusu mtegemezi aliyeachwa kuomba mahakama impe riziki ya kutosha, lakini kabla mahakama haijathibitisha mgawanyo wa mirathi. Je, nani atakayemwombea?

Dawa yake ni amana. Mzazi anaweza kuagiza katika wosia kwamba fungu la mtoto lishikwe na wadhamini wawili, aandike litumike kwa nini, na litabaki kwa nani mtoto akifariki. Vilevile anaweza kuianzisha angali hai, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya wadhamini ya mwaka 2021 yanatambua amana za familia. Nashauri anayeshika pesa asiwe yule anayemwogesha na kumlisha. Mlezi atauliza pesa ziko wapi, naye mdhamini atauliza mtoto anaishije.

Kuna mali isiyopitia wosia. Mafao ya uzeeni kwa kawaida hulipwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mfuko, kwa hiyo fomu hizo zipitiwe upya. Familia inayopokea shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kila mwezi kwa ajili ya mwenye ulemavu mkali ijue kwamba hupitia kwa mlezi aliyesajiliwa. Mlezi akiugua, mabadiliko yaombwe mapema.

Kwa mgonjwa aliyepata habari mbaya mwezi huu, utaratibu ni huu: barua ya daktari, hati ya uwakili, wosia wenye amana, halafu fomu za mafao. Matatu ya mwisho yanataka sahihi au alama ya kidole ya mtu anayejua anachofanya, na hakuna ndugu, chifu wala wakili anayeweza kuitia kwa niaba yake baadaye.